Visiki Kumi na Kimoja

Bango lilisimikwa uwanjani Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nikielekea Shauri Moyo kwenye kibanda changu cha ushonaji, natembea kwa miguu kama siku zote, nikaliona limesimama kwenye nguzo mbili mpya katikati ya takataka. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Mwenye kiwanja, lilisema, ameomba ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi ili ajenge nyumba za ghorofa na maduka. Mwenye pingamizi alete pingamizi lake kwa maandishi kabla ya siku kumi na nne kuisha.

Nilisoma mara mbili, halafu nikabaki nimesimama pale. Mwenye kiwanja ni nani? Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka hapo, na sikuwahi kusikia uwanja ule una mwenyewe.

Mtaa wetu ni wa zile nyumba za zamani za baraza la jiji, nje kidogo ya Jogoo Road. Nyumba ni za chumba kimoja, zimepangwa kwa safu tunazoziita block, choo na bafu ni vya kushirikiana, bomba la maji pembeni mwa uwanja. Baba alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, akapewa chumba hicho, akatuzaa sita humo. Jirani zetu wa upande mmoja walitoka Murang'a, wakiuza viatu sokoni Gikomba. Wa upande wa pili baba yao alikuwa karani. Hakuna chumba kilichotosha watu wake. Kwa hiyo tuliishi uwanjani. Mama alianika nguo uwanjani na kutusuka nywele uwanjani. Kwaya ilifanyia mazoezi pale. Msiba ukitokea, viti vilipangwa pale, na harusi zilichezewa pale mpaka vumbi likapanda juu ya mapaa. Kuzunguka uwanja wote kulikuwa na mijakaranda, na Oktoba ikifika tulikanyaga maua ya zambarau tukienda shule.

Halafu miti ikakatwa. Hiyo ni miaka kama kumi na tano iliyopita. Aliyeikata tulimjua sote, kwa maana aliikata mchana tukimwona: mzee wa block ya nne, mtu wa Nyeri, mkimya, aliyekuwa amestaafu kazi ya baraza. Mtu asiyejulikana mtaani alimwajiri, akamletea shoka na msumeno. Wanawake walipiga kelele, yeye hakuinua macho. Kwa siku mbili alikata mmoja baada ya mwingine, akamwagia visiki oili chafu, akavichoma moto ili visichipue tena. Yule aliyemwajiri hakuonekana tena kwa miaka mingi. Lakini kivuli kilipoondoka, watu waliacha kukaa uwanjani, na watu walipoacha kukaa, mikokoteni ya taka ikaanza kuja. Taka zilipanda mpaka kufika kifuani. Na mzee yule hakusalimiwa na mtu. Mimi mwenyewe sikumsalimia miaka yote hiyo, na nilijiona nina haki.

Kwa hiyo bango lilipokuja, watu wengi walisema liacheni. Jirani yangu mmoja aliniambia tukiwa kwenye foleni ya maji, "Fundi, sasa tunapigania nini? Jaa la taka? Angalau wakijenga, panya watapungua."

"Wakijenga hapo, mtoto wako atatokea mlangoni na kugonga ukuta," nilimjibu.

"Kwani sasa anagonga nini? Si anagonga taka?"

Lakini siku iliyofuata nilifunga kibanda saa sita, nikaenda mjini, kwenye ofisi wanakotunza ramani za jiji.

Nilitegemea kuzungushwa. Nilipewa karatasi ya kujaza, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akatoka binti mmoja wa umri wa mwanangu wa kwanza, mchora ramani, ana kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alirudi ndani akakaa muda mrefu, na alipotoka alikuwa amebeba karatasi kubwa iliyokunjwa kama jamvi, mikono yote imejaa vumbi.

"Mama, mtaa wenu ni huu," alisema akiitandaza juu ya meza, akaweka simu yake kwenye pembe moja isijikunje.

Nilizitambua nyumba. Nilikitambua chumba chetu, kiboksi kidogo kisichozidi ukucha. Na katikati ya nyumba zote kulikuwa na mraba mkubwa uliopakwa rangi ya kijani, rangi imefifia lakini bado ni kijani. Kando ya mraba palikuwa na miduara midogo kumi na miwili.

"Hii ni nini?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Miti. Na hapa kati pameandikwa uwanja wa wazi wa wakazi." Aliinama karibu na karatasi. "Unajua, mama, waliochora mitaa hii walianza na uwanja. Walijua vyumba ni vidogo, kwamba mtu hawezi kuishi ndani tu. Kwa hiyo walichora uwanja kwanza, halafu wakazipanga nyumba kuuzunguka. Watu siku hizi wanafikiri nafasi kama hii ni mabaki, ni kitambaa kilichosalia baada ya kukata gauni. Sivyo. Hili ndilo gauni lenyewe."

Nilicheka, kwa sababu sikuwa nimemwambia mimi ni fundi wa nguo. Alinitengenezea nakala, akaipigia muhuri. Lakini kabla sijaondoka alinishika mkono.

"Wakili wao atasema kitu kimoja. Atasema ramani ni ramani tu, kwamba yapo mengi yaliyochorwa na hayakujengwa. Na ni kweli, hapa Eastlands, mashariki mwa jiji, yako mengi ya namna hiyo. Mtahitaji kuonyesha kwamba uwanja huu ulitengenezwa kweli, na uko palepale ulipochorwa. Hiyo miti bado ipo?"

"Ilikatwa."

"Visiki je?"

Nilirudi nyumbani nikiliwaza hilo neno njia nzima. Visiki vilikuwa chini ya taka za miaka kumi na tano. Hakuna mtu aliyekumbuka kila mti ulisimama wapi, isipokuwa mmoja.

Jioni ile nilikwenda block ya nne, nikabisha.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Mzee. Fundi wa nguo, wa block ya pili."

Kisha mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani, mashavu yameingia ndani, sweta limetoboka kiwikoni.

"Umekosea njia?"

"Hapana. Nimekuja kwako."

"Miaka yote hii unanipita kama nguzo ya stima. Leo nimekuwa mtu?"

Nilistahili maneno hayo, nikayapokea. Nilimwomba radhi, nikamwonyesha ramani. Aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, na nikaona kidole chake kikitembea polepole juu ya ile miduara, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu watoto wake kanisani.

"Niliipanda mimi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Uliikata wewe, Mzee."

"Niliikata mimi. Na niliipanda mimi. Nilikuwa kijana, nimeandikwa kazi ya bustani juzi tu. Miche ilitoka kitaluni ikiwa kwenye mikebe, tukaileta na mkokoteni. Msimamizi akaniambia, anzia kwenye bomba, hatua nane, chimba; hatua nane, chimba. Kumi na miwili. Mmoja ukafa, kumi na mmoja ikashika. Nimeimwagilia miaka miwili." Alinirudishia ramani. "Halafu nikastaafu, mjukuu akafukuzwa shule kwa kukosa karo, na mtu akaja na karatasi, akasema kiwanja ni chake. Nilikuwa na njaa ya kibarua. Siku ya pili nilikata nikilia, fundi. Hamkuona, kwa sababu uso wote ulikuwa jasho."

Nilimwomba aje Jumamosi atuonyeshe mahali. Alitikisa kichwa.

"Chimbeni wenyewe. Mimi hapo sikanyagi." Akafunga mlango.

Jumamosi ilifika. Kikundi cha vijana wanaozoa taka mtaani kilikubali kutusaidia, nao walikuja na mapauro, glavu na ile mizaha yao. "Niaje, fundi? Leo tunasaka dhahabu ama?" Wanawake wa block yetu walikuja, wamefunga leso vichwani na puani. Wazee wawili wa kanisa walikuja. Tulianza kusafisha upande wa bomba, gunia baada ya gunia, na harufu iliyotoka pale sitaisahau. Saa nne tulikuwa tumefika kwenye udongo, lakini hatukujua pa kuchimba.

Ndipo kelele zikakatika. Niligeuka. Mzee alikuwa anakuja kutoka block ya nne, amevaa mabuti yake ya kazi ya zamani, jembe begani. Watu walimfungulia njia, si kwa heshima bado, ila kwa mshangao. Alipita bila kumtazama mtu, akaenda mpaka bombani, akaligusa, akaanza kutembea akihesabu kwa Kikuyu. Hatua ya nane akasimama.

"Hapa."

Vijana walichimba mpaka magotini. Hakukuwa na kitu. Alirudi bombani akahesabu upya, akasogea kidogo kulia. Wakachimba tena. Mchanga, chupa, mpira wa viatu, basi. Mtu mmoja nyuma yangu akanung'unika kwamba mzee amesahau, na mwingine akasema labda hakuwahi kujua. Nilimwona mzee akiitazama miguu yake. Mimi nimepima suruali za watu maisha yangu yote, nikatambua anachokiona.

"Mzee," nilimwambia kwa sauti ya chini, "ulipokuwa kijana hatua yako ilikuwa ndefu kuliko hii."

Alininyanyulia macho. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

"Wewe una miguu," alisema. Ni kweli, nimemrithi baba, mimi ni mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa. "Simama bombani. Tembea."

Nikatembea.

"Usibembee! Tembea kama mtu aliyechelewa kazini!"

Watu wakacheka. Nilirudi bombani, nikatembea kama siku ninayosikia wateja wameshafika kibandani. Hatua ya nane iliniweka mbele kabisa ya mashimo yale mawili. Mzee hakumwachia kijana yeyote. Alipiga jembe mwenyewe, mara tatu, mara nne, na pigo la tano likatoa sauti ya mbao.

Alipiga magoti, akafukua kwa mikono. Kilikuwa kisiki kipana kama sinia, kimeungua juu na kuwa cheusi kama mkaa, mizizi yake bado imeshika ardhi. Wanawake walipiga vigelegele vilivyowatoa watu majumbani. Nikatembea tena hatua nane, tukachimba, kikatoka cha pili. Nikatoa futi yangu ya kupimia nguo, nikapima kutoka kisiki hadi kisiki, na kuanzia hapo hatukubahatisha tena. Kila nilipoweka alama tulizoa taka za hapo tu, na isipokuwa mahali pamoja, jembe liligonga mti. Vijana waliacha mizaha wakaanza kuhesabu kwa sauti, mtaa mzima ukaitikia: nne! tano! sita! Mpaka jioni tulikuwa na visiki kumi na kimoja, vimezunguka uwanja kwa mistari iliyonyooka. Yule jirani wa foleni ya maji, aliyeniuliza tunapigania nini, alimletea mzee chai kwenye kikombe cha kauri, kikombe cha wageni. Mzee aliishika kwa mikono miwili akanywa akiwa amesimama.

Pingamizi letu tulikuwa tumeshalipeleka ndani ya muda, na siku ya kusikilizwa maafisa wa mipango walikuja kwenye ukumbi wa mtaa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wakili wa mwombaji alikuwa mtu wa maneno mazuri. Alisema mteja wake ana karatasi zake. Alisema pale hapajawahi kuwa uwanja ila jaa la taka. Na aliposhika nakala ya ramani yetu, alisema yaleyale aliyonionya binti wa ramani.

"Michoro ya zamani ni ndoto za wachoraji," alisema. "Nani hapa anaweza kuthibitisha kwamba ndoto hii iliwahi kutekelezwa?"

Mzee alisimama kutoka kiti cha nyuma. Mtu mmoja ambaye hakuwepo Jumamosi ile akapaza sauti, "Si ni wewe uliyeikata hiyo miti?"

"Ni mimi," alisema mzee. "Ndiyo maana najua."

Akaeleza yote, miche kwenye mikebe, mkokoteni, hatua nane, miaka miwili ya kumwagilia, halafu shoka, oili na moto. Hakujitetea kwa neno hata moja. Alipomaliza, afisa mkuu, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alifunga faili lake.

"Twendeni mkanionyeshe," alisema.

Tulitoka wote. Afisa alishika ramani, akatembea kutoka kisiki kimoja hadi kingine, akiinama kila mara, na mtaa mzima ulimfuata kama watu wanaozunguka na maharusi. Alipofika cha mwisho wakili alimkaribia, uso umechangamka.

"Ramani ina miduara kumi na miwili. Visiki ni kumi na kimoja. Kwa hiyo ramani na ardhi hazilingani."

Lakini mzee aliinua mkono, akaonyesha pengo kwenye mstari wa upande wa kanisa.

"Wa kumi na mbili ulikuwa pale. Haukufika kiunoni. Ulivunjwa na mpira."

"Na nani atathibitisha hilo?" wakili akauliza.

Mkono ukainuka kati ya watu. Ulikuwa wa mmoja wa wale wazee wa kanisa, mtu wa heshima zake, koti na tai, aliyefanya kazi ofisini miaka yake yote.

"Ni mimi niliyeuvunja," alisema. "Nilikuwa mtoto, nikapiga penalti. Na huyu mzee alinishika hapahapa akanichapa kwa mche wenyewe."

"Nilikuchapa," mzee akakubali. "Na ningekuchapa tena."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Afisa mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Wakili alicheka pia, namsifu kwa hilo, ingawa alicheka kidogo.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Niliisoma kwa sauti nikiwa nimesimama juu ya jiwe la kufulia karibu na bomba, nikiitafsiri sentensi kwa sentensi. Ombi limekataliwa. Karatasi za mwombaji hazikulingana na kumbukumbu zozote za ardhi ile. Kiwanja ni ardhi ya umma, uwanja wa wazi wa wakazi, kitatunzwa hivyo, na mpaka wake utawekewa alama. Sikufika kwenye sahihi. Vigelegele vilinizima, mtu akaanzisha wimbo, nikainuliwa kutoka kwenye jiwe mimi na urefu wangu wote. Nilipofanikiwa kukanyaga chini nilimtafuta mzee, nikamwona amezungukwa na watu wakimsalimia, mmoja baada ya mwingine, kila mtu anataka kumpa mkono. Alikuwa anaitikia kila salamu kwa ukamilifu, hakuruka hata moja, habari za nyumbani, habari za watoto, kama mtu anayelipwa malimbikizo yake.

Baada ya hapo ilikuja kazi, na kazi hiyo ilikuwa na kelele zake. Vijana walitaka uwanja wote uwe wa mpira. Wanawake walitaka kamba za nguo na viti. Watu wa kanisa walitaka kivuli. Tuligombana Jumapili tatu mfululizo. Binti wa ramani alikuja siku yake ya mapumziko, bila kutumwa na mtu, akatuambia tuchore kila mmoja anachotaka kwa vijiti kwenye udongo, kwa ukubwa wake kamili. Tulipochora tuliona kwamba vyote vinaenea. Mimi nilidhani kupanga mji ni kazi ya watu wa ofisini. Siku ile niliwaona mama wauza mboga wakipanga, wakipima upana wa njia kwa kupita na mikokoteni, wakikataa kiti kisiwekwe mahali maji hutuama mvua ikinyesha. Walikuwa wanaijua ile ardhi kuliko karatasi yoyote.

Mvua za masika zilipoanza tulipanda. Mzee alikataa tupande mijakaranda mitupu. Alisema tuchanganye na miti ya kienyeji, na kwamba hilo alilijua tangu zamani ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akitoa amri. Chimba zaidi. Usikanyage shina. Huo umepinda, urudie. Kila block ilichukua miti yake ya kutunza, na kiangazi kilipofika watu walibeba maji ya kuoshea vyombo kutoka jikoni hadi uwanjani asubuhi na jioni.

Sasa nyasi zimeshika. Jumamosi mpira unachezwa upande mmoja, na upande wa pili watoto wanajifunza baiskeli, na nguo zinapepea katikati. Panya wameondoka bila ghorofa kujengwa. Miti mingi imenipita kimo, na ubishi mkubwa uliobaki mtaani ni kuhusu wa nani umekua zaidi. Ni wetu, wa block ya pili. Block ya nne hawataki kabisa kusikia hilo.